Pameandikwa Wapi?

Mlangoni petu, Mikocheni, pameandikwa mengi.
Usiingie na chakula.
Mali ikishauzwa hairudi,
na chini yake, kwa mwandiko wangu,
leo hakuna chenji, tusameheane.
Mbwa haruhusiwi, na mbwa amechorwa kwa wasiosoma,
ingawa sijaona bado mbwa aliyekuja kununua kitu.

Bastola haikuandikwa.

Alikuja Jumamosi, saa tano,
foleni imefika kwenye friji la maziwa.
Shati kalichomekea makusudi,
kiunoni paonekane.
Chilumba, mlinzi wetu, alikuwa anampekua mama mmoja mkoba:
kanga, dawa ya kikohozi, andazi lililong'atwa mara moja.
"Andazi liache hapa, mama. Namba yako kumi na saba."
Kisha akainua uso, akamwona yule bwana,
akapiga saluti.

(Bunduki ya Chilumba imefungwa mpira wa baiskeli
pale kitako kilipopasuka. Risasi anayo moja,
ameiviringisha kwenye leso
kama jino la mtoto.)

Bwana akachukua kikapu.
Nanasi akalibonyeza, akalinusa, akalirudisha.
Foleni ikajikunja yenyewe, bila kuambiwa.
Hakuna aliyepiga kelele. Tuna adabu sisi:
tunaogopa huku tunasoma bei ya biskuti.

Lakini aliyeng'ata andazi
alikuwa kasimama nyuma yake,
miaka minne, labda mitano,
macho yake na kile chuma kimo kimoja.
Sisi wakubwa tulikuwa na uso wa bwana wa kuutazama,
miwani, ndevu zilizochongwa.
Yeye alikuwa na hicho tu.
Akanyoosha kidole.

Mama aliudaka ule mkono hewani
kama mtu anayedaka glasi.

Nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi.
"Samahani kaka, humu silaha haturuhusu."
Akatazama ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia,
akamsoma mbwa.
"Pameandikwa wapi?"
Hakuwa mkali. Aliuliza kama anayeuliza sukari iko wapi.
"Kibali ninacho," akasema, akigusa mfuko wa shati.

Nilitaka kumwambia: pale, kwenye mkono wa yule mama.
Nikamwambia: elfu kumi na nane na mia nne.

Alitoa mbili za elfu kumi, mpya.
Nikamrudishia elfu moja na pipi sita.
Pipi zote akampa mtoto,
na mtoto akapokea kwa mikono miwili,
kama alivyofunzwa.

Jioni Bwana Kanji aliniita stoo.
"Sera tunayo, Sikudhani. Tangu siku ya kwanza."
"Iko wapi?"
Akagusa kipaji cha uso.
"Tukibandika, wateja watajiuliza kwa nini tumebandika.
Watadhani humu huwa watu wanapigana risasi."
"Na akija mwingine?"
"Tumia busara."
Kwa mshahara huu, na busara nije nayo toka nyumbani.

Jumatatu nikakuta karatasi mpya, imepigwa chapa:
MIZIGO YOTE IACHWE MLANGONI.
Jumamosi akaja tena.
Akaisoma taratibu, midomo ikitembea,
akamkabidhi Chilumba mwavuli.
"Namba yako tisa, mkuu."
Akaingia.

Leo nimebaki nyuma wenzangu wakishusha mageti.
Nimepiga magoti chini ya yule mbwa,
kwenye kimo cha miaka minne,
na kalamu nene ya kuandikia maboksi.
Kuchora sijui. Imetoka kama bomba la sinki.
Nimeikata kwa mstari mwekundu,
nikaukoleza mara ya pili.

Kesho atakayeniuliza pameandikwa wapi
nitamwambia ainame.